Mifupa Anafika Mwisho, Anageuka

Ilianza Alhamisi, wiki ya kwanza ya likizo ya Juni, saa nne na robo asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya jirani ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza taarifa ya habari, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria la wali lililoungua. Bibi, mama yake baba, alinijia kwa nyuma akanirushia kanga kichwani kama mtu anayekamata kuku, kisha akanishika mabega.

"Twende ndani, mwanangu."

Nikajua. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemnong'oneza mama jambo ambalo wenzangu wengi wa kidato cha pili walishawaambia mama zao zamani. Mama naye alilifikisha kwa bibi kabla chai haijachemka. Nilikuwa nimevunja ungo. Nikaongozwa ndani nikiona miguu yangu tu, mikono ina masizi, na sufuria likabaki uani na povu lake.

Kwetu Zinga kuwekwa ndani siku hizi kumefupishwa. Bibi mwenyewe alikaa miezi mingi, anavyosimulia, akatoka kanenepa mpaka ndugu zake hawakumtambua. Shangazi zangu walikaa wiki kadhaa. Mimi niliambiwa ni likizo tu: Jumamosi ya mwisho nitachezewa ngoma, nitabebwa mabegani nizungushwe mtaani, na Jumatatu nirudi shule. Masharti nilipewa siku ileile. Nisionekane na mwanamume yeyote, hata baba. Nisicheke kwa sauti. Akiingia mkubwa niinamishe kichwa. Na nikiitwa au nikiulizwa jambo, nisijibu kwa mdomo, nipige kofi moja dogo, viganja vigusane tu. Kofi hilo ndilo labeka, ndilo ndiyo, ndilo asante. La zaidi ya hapo lipitie kwa somo wangu.

Somo ndiye mwanamke anayemfunda mwali na kumsemea kwa wakubwa. Wangu alikuwa mke wa binamu yake baba, fundi cherehani, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na maneno hayamkauki mdomoni. Alichaguliwa makusudi, nadhani. Mimi ni yule mtoto ambaye wageni wakija humkuta nyuma ya mlango. Darasani nikisimamishwa nisome, macho yanaona ukungu. Bibi alimwambia, "Huyu ukimwachia atakufa njaa kwa kuona haya kuomba chumvi."

Nitasema kweli: siku za mwanzo nilipenda. Hakuna kutumwa dukani, hakuna kusalimia watu mia njiani, hakuna mwalimu wa Kiingereza. Kunyamaza, ambako maisha yangu yote nimegombezwa kwa ajili yake, ghafla kukawa sifa. Wanawake waliokuja kumsalimia bibi nilikuwa nawasikia barazani: "Mwali katulia jamani, hata hasikiki." Bibi anaitikia kwa majivuno kama vile kanifundisha yeye. Nilichoogopa ni ile ngoma, kubebwa juu watu wote wananitazama.

Chumba nilichowekwa ni cha kaka yangu, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha sita akaenda jeshini kwenye mafunzo. Kina kitanda, dirisha moja lililofungwa kwa pazia zito, na boksi la vitu vyake. Nilipochoka kutazama dari nikalifungua lile boksi. Chini ya madaftari ya fizikia nikakuta gemu yake ya mkononi, ile ya Kichina, rangi ya vitufe imefutika kwa vidole vyake. Sauti ilikuwa imekufa. Chaja ya simu ya kitochi iliingia sawasawa.

Ndani mlikuwa na michezo mingi, lakini uliofunguka vizuri ulikuwa mmoja. Kijitu chenye skafu nyekundu kinakimbia kuelekea kulia, kinaruka mashimo, kinapanda vibao vinavyoelea, kinakanyaga vichwa vya wanyama wabaya. Ukikanyaga konokono anatoweka. Ukikanyaga popo anatoweka. Nikawa navuka vizuri tu, najiona fundi, mpaka nilipofika kwenye ngome ya mawe. Humo ndimo nilimokutana naye.

Sikujua jina lake, maandishi yote yalikuwa ya kwao. Nilimwita Mifupa. Fuvu kubwa kuliko kifua, mbavu nne, miguu kama njiti za kiberiti. Alikuwa anatembea juu ya kibao kirefu chenye dari fupi, moto unawaka chini. Anakwenda mpaka ukingoni, anageuka. Anarudi mpaka ukutani, anageuka. Nikamrukia nikamkanyaga. Akamwagika chini rundo, kama makopa ya muhogo yaliyoanikwa juani. Nikashangilia kimoyomoyo, nikakimbia mpaka ukingoni ambako kuna kibao kidogo kinachopanda na kushuka, cha kuvukia upande wenye mlango. Kile kibao hakina haraka. Nikiwa nakingoja, nyuma yangu yale makopa yakaanza kutetemeka. Fuvu likarudi juu ya shingo, mbavu zikajipanga, Mifupa akasimama akaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Akanigusa. Nikafa.

Na gemu ile ilikuwa haiweki kumbukumbu. Roho zikiisha, unaanza mwanzo kabisa, konokono wa kwanza.

Somo aliikuta mkononi mwangu siku aliyokuja kunifundisha namna ya kukaa mbele ya wakubwa. Nilidhani atanisema. Akavua kandambili akakaa kitandani.

"Hiki nini? Lete nione. Bonyeza wapi? Hapa? Mbona kaanguka?"

"Kuna shimo, somo. Unaruka kwa hiki."

"Sasa si ungesema! Umeniulia mtu."

Kuanzia hapo mafunzo yakawa yanaanza na Mifupa na kuishia kwa Mifupa. Somo alikuwa hana mkono wa gemu hata kidogo, lakini mdomo anao. Tukifika ngomeni ananinyang'anya. "Ngoja nimkomeshe." Anamkanyaga, Mifupa anamwagika, anainuka. "Hee! Wewe baba, hukuzikwa vizuri nini? Nani kakuosha wewe?" Anamkanyaga tena. "Lala! Nimesema lala!" Mimi nikibana kanga mdomoni nisicheke kwa sauti. Akishachoka anakumbuka kazi iliyomleta. "Haya, nimekwambia miguu ikae vipi? Kunja upande. Upande mmoja, mwali, si kama mpiga ngoma."

Akiondoka nabaki na Mifupa peke yetu. Nilishaacha kukimbilia mlango. Nilikuwa nakisimamisha kijitu changu mbali, pale ambapo hafiki, nikimtazama anavyokwenda na kurudi. Sijawahi kumwona ana hasira. Konokono wanakuvamia, popo wanakufuata. Yeye hana habari na wewe, anatembea tu, wewe ndiye umemkuta njiani kwake. Akifika mwisho wa kibao anasimama kidogo, kama anatazama ng'ambo, halafu anageuka. Nami nilikuwa najua hatua ngapi zinatoka kitandani mpaka dirishani, na kule dirishani sikuruhusiwa kufunua pazia.

Baba alikuwa akipita nje ya dirisha hilo kila asubuhi akienda kazini. Ni fundi mwashi, siku hizi anajenga Mapinga kwenye viwanja vya watu wa Dar. Akikaribia anakohoa, ili kama nimejisahau nijifunike. Kikohozi hicho ndicho kilikuwa salamu yetu. Nikawa nakingoja kama wengine wanavyongoja barua.

Wiki ya mwisho ya likizo, wakati mchele wa ngoma umeshapepetwa, ikaja simu kutoka Kiwangwa. Kaka yake bibi, yule mwenye shamba la mananasi, amefariki. Nikasikia bibi anaketi chini uani, pu, kisha sauti yake ikapanda. Kabla ya adhuhuri yeye, somo na nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wameondoka kwenda msibani.

Nilimlilia yule babu. Alikuwa akija kwetu ananiletea nanasi dogo la peke yangu. Lakini nilipomaliza kulia kikanijia kitu kingine, nacho nitakisema: nafuu. Msiba ukiwepo hakuna ngoma. Sitabebwa. Nikalala nimetulia siku hiyo, na sikufikiria zaidi ya hapo, kwa sababu mimi ni mtu wa kufikiria jambo nusu.

Nusu ya pili niliisikia Jumamosi, waliporudi. Walikuwa wamekaa uani wanamenya mananasi waliyopewa, mimi nyuma ya pazia.

"Ngoma basi tena, mpaka arobaini ya kaka ipite," bibi alisema.

Mama akauliza taratibu, "Na shule, mama? Jumatatu wanafungua."

"Shule ipo tu, haikimbii. Mwali atatokaje bila ngoma? Na ngoma itapigwaje na msiba mbichi?"

Kwa mambo ya uwali mama mzazi hana kauli, anapitisha chakula mlangoni basi. Hata nilipomshika upindo wa kanga alipoleta sahani, alinambia chini chini, "Mie usiniulize, msubiri somo wako," akaondoka haraka, macho mekundu.

Nikakaa na ile arobaini. Ningekosa majaribio yote ya katikati ya muhula, na Novemba ni mtihani wa taifa. Hilo lilikuwa baya. Baya zaidi ni msichana aliyekuwa akikaa dawati la mbele yangu kidato cha kwanza. Naye aliwekwa ndani likizo, naye mambo yakasogezwa, mara shangazi kaugua, mara mvua, mara mchumba kapatikana. Mpaka leo dawati lile lina mtu mwingine. Hakuna aliyemzuia kurudi, ukiwauliza kwao. Zilisogea siku tu.

Jumapili baada ya chakula cha mchana somo akaja. Nikamwambia kabla hajakaa.

"Somo, nakuomba unisemee kwa bibi. Kesho nataka kwenda shule."

Akanitazama kama nimemwambia nataka kwenda mwezini. "Weye! Nimwambie mimi? Juzi tu katoka kumfukia kaka yake wa tumbo moja. Atanila mbichi. Mwache apoe kwanza."

"Mpaka lini?"

"Nitajua mimi? Atapoa." Akaona uso wangu. Akainua godoro tulipokuwa tunaificha gemu. "Lete tucheze kidogo, utachangamka."

Sikutaka, lakini sikujua namna ya kukataa, maana hata kwake nilishazoea kukubali kila kitu kwa kofi. Tukacheza. Nilipowavuka konokono na popo wote tukafika ngomeni nikamwachia. Mifupa alikuwa palepale, anakwenda, anarudi. Somo akamkanyaga akamwagika, akakimbia ukingoni, akangoja kibao, na safari hii, sijui kwa bahati gani, kibao kikawa kinashuka upesi. "Leo! Leo leo leo!" Rundo likaanza kutetemeka. "Haraka, haraka, anaamka huyo marehemu!" akapiga ukelele.

Mlango ukafunguliwa. Bibi alikuwa amejitanda kaniki ya msiba, tasbihi mkononi. Mimi chini kichwa. Somo akaisukumiza gemu chini ya kanga yake, lakini mwanga ukawa unapenya kwenye maua ya kanga.

"Toa."

Somo akatoa. Bibi akaisogeza gemu mpaka karibu na pua, akaigeuza, akaigeuza tena. Roho ilikuwa imebaki moja, mchezo ulikuwa unaendelea, na Mifupa alikuwa anajikusanya.

"Huyu ni mfu," bibi alisema.

"Si mfu, mama, ni katuni," somo akasema.

"Katuni ina mbavu?"

Somo akaanza kutafuta kandambili zake kwa mguu.

"Mimi nimetoka kumlaza ndugu yangu juzi, udongo haujakauka, nyie humu ndani mnakanyaga mifupa ya watu. Na kucheka mnacheka." Sauti yake haikuwa kubwa. "Mtu akishakufa si mumwache alale?"

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kupiga kofi, lakini kofi lingemaanisha nini? Ndiyo, tunakanyaga? Nikatafuta kofi jingine nikakuta sina. Ndipo sauti ikatoka, nyembamba, ya kukwaruza, kwa kuwa nilikuwa sijaitumia mbele ya mkubwa tangu siku ile ya sufuria.

"Halali, bibi."

Bibi akageuka.

"Ukimkanyaga anainuka. Hafi. Yuko hapohapo siku zote. Anafika pale mwisho, anageuka, anarudi. Mimi huwa namtazama tu. Hajawahi kutoka."

"Nani kakuuliza?"

"Bibi, kesho shule inafunguliwa."

Somo akaanza kunifinya mguu. Bibi akasema polepole, "Mwali anajibu kwa kofi."

"Kofi la hapana sijafundishwa," nikasema, na machozi yakanitoka, na pua nayo. "Mkisema arobaini mnataka nipige kofi. Nikipiga nimekubali. Mimi sijakubali."

Somo aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kule uani mwiko wa mama ulikuwa umeacha kukwangua chungu.

Bibi alinitazama muda mrefu, nami nikamtazama, jambo ambalo mwali hafanyi. Alikuwa amekonda kwa siku chache zile. "Kinywa hicho," alisema mwishowe, "siku zote kilikuwa wapi?" Hakungoja jibu. Akaifunga gemu kwenye pindo la kaniki, mafundo mawili, mwanga bado unawaka humo ndani, akatoka.

Mpaka magharibi hakuna aliyekuja. Nilihesabu nimeharibu kila kitu, nitakaa ndani mpaka nizeeke, na gemu yenyewe imechukuliwa. Taa zilipowashwa somo akarudi, akafunga mlango, akajitupa kitandani.

"Mtoto wewe utaniua kwa presha. Haya sikiliza, usinikatize. Bibi yako kasema msiba umekataza ngoma, madaftari haujakataza."

Nikaruka.

"Kaa chini, sijamaliza! Hujatolewa. Wewe bado mwali. Utaoga kabla hakujapambazuka, utajifunika gubigubi juu ya sare, mimi nakupeleka mpaka barabarani. Huko kanga nakuvua mimi. Hakuna kusimama na wanaume njiani, hakuna kuchekacheka. Saa kumi uko ndani ya chumba hiki, unaendelea na uwali wako mpaka arobaini ipite na ngoma yako upigiwe. Ukichelewa siku moja, basi, shule ndiyo imekwisha. Umesikia?"

Nikapiga kofi.

"Sema kwa mdomo bwana, si una mdomo siku hizi."

"Nimesikia, somo."

Nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na dari fupi. Kwenda mpaka barabarani, kurudi mpaka chumbani. Kwenda, kurudi. Na ngoma ile niliyokuwa naikimbia ikawa bado inanisubiri mbele, imesogezwa tu. Nikalala nimelikumbatia begi langu.

Asubuhi niliogeshwa gizani kwa maji ya baridi, bibi mwenyewe akinimwagia. Alipomaliza kunikausha mgongo alinipa kofi moja dogo begani. Sikujua lina maana gani kati ya zile tatu. Sare ilikuwa inabana, nilikuwa nimenenepa kweli. Kizingitini nikakuta viatu vyangu vimepigwa rangi vinang'aa, na baba hayupo, ila nyuma ya nyumba mtu alikohoa. Nikakohoa na mimi.

Somo alinitanguliza njia ya nyuma, kati ya mihogo, nikiwa nimejifunika natazama visigino vyake. Tulipofika barabara ya lami akanivua kanga, akaikunja mara nne, akaibana kwapani. Mwanga wote ule ukanipiga usoni kwa mpigo. "Saa kumi nipo hapahapa," akasema. "Nenda."

Hatua chache mbele, mwenye duka la vocha alikuwa anafagia kibarazani. Ni mzee wa makamo ya babu yangu. Nimeambiwa nisisimame na wanaume, na hakuna aliyenifundisha kumpita mtu mzima bila salamu. Zamani ningevuka upande wa pili, nijifanye natafuta kitu kwenye begi. Nikaenda moja kwa moja mpaka mbele ya ufagio wake, sikusimama, nikafungua mdomo, na sauti ambayo kwa wiki zote hizo ilikuwa inanong'ona ikanitoka yote kwa pamoja.

"SHIKAMOO!"

Ufagio ukamponyoka.

"Marahaba, marahaba!" akasema, mkono kifuani. "Mbona unanipigia makelele, mjukuu wangu? Mimi si kiziwi."

Nikaendelea kutembea kuelekea shule, nacheka peke yangu, kwa sauti.